Maziwa Yaliyozaliwa na Machimbo ya Mboji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ubora wa Maji

Ukurasa huu unahusu maji ya maziwa yaliyojitokeza mahali ambapo watu walichimba mboji ya kinamasi, hasa yale ambayo baadaye yalichafuka na kufanyiwa kazi ya kuyarudisha katika hali njema. Mifano mingi imechukuliwa katika maziwa ya Broads, mikoa ya Norfolk na Suffolk, mashariki ya Uingereza, kwa sababu huko machimbo yamekuwa maziwa kwa karne kadhaa na maji yake yamepimwa kwa miongo mingi. Uholanzi, Ireland na Ufini zinatajwa pale zilipo na somo ambalo Broads haina. Swali la Rwanda na Burundi limewekwa karibu na mwisho.

Mboji inayozungumziwa hapa ni ipi?

Mkulima akitaja mboji huwa na maana ya majani na samadi vilivyooza vikawa udongo mweusi wa kurutubisha shamba. Mboji ya kinamasi ni kitu kingine. Ni mabaki ya matete, mafunjo na mimea midogo ya majimaji ambayo hayakuoza kabisa, kwa kuwa yalilala katika maji yasiyo na oksijeni, yakarundikana tabaka juu ya tabaka kwa kasi ya takribani milimita moja kwa mwaka. Mtu akichimba mita moja kwenda chini, amechimba kiasi cha miaka elfu moja. Ikikatwa matofali na kuanikwa juani, huwaka kama kuni. Wanyarwanda huiita nyiramugengeri, na wengi wanaijua kutokana na jiko au mtambo wa umeme, si kutokana na shamba.

Shimo la mboji linageukaje kuwa ziwa?

Katika Broads, uchimbaji mkubwa ulifanyika kati ya karne ya 12 na ya 14, wakati sehemu hiyo ya Uingereza ilikuwa na watu wengi na miti michache ya kuni. Baadaye maji yalipanda, mashimo yakaanza kufurika mara kwa mara, na wachimbaji wakayaacha. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba maziwa hayo ni ya asili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alitoboa matundu mengi yaliyokaribiana kando na katikati ya maziwa, akakuta kuta za chini ya maji zimesimama wima kama zilivyoachwa na sepeto, sakafu zake ni tambarare, na kati ya shimo na shimo kumebaki kingo nyembamba za mboji ambayo haikuguswa. Mto hauchimbi hivyo. Inakadiriwa kwamba mboji iliyotolewa ilizidi mita za ujazo milioni 25, yote kwa nguvu za mikono.

Uholanzi walikwenda mbele zaidi: walivuta mboji kutoka chini ya maji kwa nyavu zenye mpini mrefu, wakaianika juu ya vipande vyembamba vya ardhi vilivyoachwa katikati. Mawimbi yalivila vipande hivyo kidogo kidogo, na mitaro iliyokuwa myembamba ikaungana ikawa maziwa mapana kama yale ya Loosdrecht. Ireland ilitumia mashine. Shirika la umma la Bord na Móna, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikwangua maeneo makubwa ya katikati ya nchi hadi lilipotangaza mwaka 2021 kuachana na uvunaji wa mboji. Pampu zikizimwa, mabonde ya machimbo hujaa maji yenyewe.

Maziwa haya yote ni ya kina kifupi, mara nyingi mita moja au mbili tu, na kwa anayetafuta kuelewa maji yake hilo ndilo jambo la kushika kuliko mengine. Upepo wa kawaida unatosha kutibua tope la chini. Jua likiwa na njia, hufika chini kote, kwa hiyo mimea inaweza kuota ziwa zima. Tena sakafu yote inagusana na maji kila saa, kinyume na ziwa refu kama Tanganyika, ambako kilichozama kinaweza kukaa huko chini karne nyingi bila kurudi juu.

Maji yana rangi ya chai. Je, ni machafu?

Chota glasi moja uinyanyue kwenye mwanga. Ikiwa inafanana na chai ya rangi iliyochujwa, yaani ni ya kahawia lakini vidole vyako unaviona upande wa pili, hiyo ni rangi ya asidi za mboji zilizoyeyuka, na si uchafu kwa maana ya kawaida. Ikiwa glasi ni ya kijani na vidole vimepotea, huo ni mwani, yaani vijimea vidogo sana vinavyoelea majini. Ikiwa ni ya kijivu na baada ya saa moja kuna unga uliotua chini, hilo ni tope lililotibuliwa. Maziwa mengi ya machimbo huwa na mchanganyiko wa mambo haya, na ndiyo sababu jicho peke yake halitoshi.

Rangi ya chai hupunguza mwanga unaofikia mimea. Kwa mamlaka za maji ina shida nyingine: maji yenye asidi nyingi za mboji yakitiwa klorini kabla ya kuondolewa rangi hutoa kemikali zisizotakiwa, trihalomethani zikiwa miongoni mwake, kwa hiyo gharama ya kuyasafisha hupanda.

Ni vipimo gani vinavyotumika kusema kwamba ziwa limepona?

Kipimo cha zamani kuliko vyote ni sahani ya Secchi: bamba la duara lenye kipenyo cha sentimita 20, robo zake zikiwa nyeupe na nyeusi kwa kupishana, linaloshushwa kwa kamba yenye alama hadi lisionekane tena. Kina kinachosomwa kwenye kamba ndicho uwazi wa maji. Katika ziwa lililoharibika sahani hupotea kabla kiwiko hakijalowa. Maabara huongeza fosforasi yote, naitrojeni, rangi ya kijani ya mwani, pH, salfeti, chumvi, na oksijeni, ambayo inafaa kupimwa alfajiri, maana ndio wakati ambapo mimea na mwani vimekesha vikiitumia bila kuitengeneza.

Kwa fosforasi, kirutubisho kinachoulisha mwani, watafiti wa maziwa haya ya kina kifupi hulenga takribani mikrogramu 30 hadi 50 kwa lita au pungufu. Kuanzia mikrogramu 100 kwenda juu, mwani huwa ndio mwenye nyumba. Katikati ya viwango hivyo ziwa linaweza kuwa angavu au la kijani, kutegemea nani alitangulia kukaa, mimea au mwani. Mtafiti wa Kiholanzi Marten Scheffer na wenzake walieleza jambo hili mwaka 1993 kama hali mbili ambazo kila moja hujilinda: mimea hutuliza tope, huwapa maficho viroboto wa maji wanaokula mwani, na kulifanya ziwa libaki angavu, mwani nao hufunika mwanga ili mimea isiote.

Kwa maoni yangu, kipimo kinachosema kweli kuliko vingine ni orodha ya mimea ya chini ya maji inayorudiwa kila kiangazi. Sahani ya Secchi huonyesha hali ya siku hiyo, lakini mimea imeyaonja maji ya msimu mzima.

Uchimbaji uliisha miaka 600 iliyopita. Kwa nini maji yaliharibika karne ya 20?

Swali hili ni la msingi, kwa sababu wengi hudhani kwamba ziwa lililotokana na machimbo limezaliwa na kasoro. Maziwa ya Broads yanaonyesha vingine. Brian Moss, aliyeyachunguza kwa miaka mingi, alisoma historia yake katika tope la chini, ambalo huhifadhi mbegu, chavua na magamba ya viumbe wadogo kwa mpangilio wa miaka kama daftari, akatambua vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, kilichodumu karne kadhaa, maji yalikuwa angavu na sakafu ilikuwa na zulia la mimea mifupi ya jamii ya Chara. Katika cha pili, kuanzia karne ya 19, virutubisho viliongezeka na mimea mirefu ikashika nafasi, ingawa maji yalibaki angavu. Kipindi cha tatu kilianza katika miaka ya 1950 na 1960: mimea ilitoweka katika maziwa mengi kwa muda mfupi, maji yakawa ya kijani, na kingo za matete zikaanza kumomonyoka.

Fosforasi ililetwa hasa na majitaka. Vijiji na miji vilipounganishwa na mabomba, kilichokuwa kinazama ardhini kwenye mashimo ya vyoo kilianza kupelekwa kwenye mitambo iliyosafisha harufu na vijidudu lakini ikaachia fosforasi kwenda mtoni. Sabuni za unga zenye fosfeti ziliongeza hesabu. Naitrojeni ilitoka mashambani, kwa mbolea. Katika ziwa la Hickling, ambalo liko mbali na mitambo mikubwa, mchango mkubwa ulitoka kwa maelfu ya ndege wa jamii ya shakwe waliolala huko usiku.

Hata hivyo fosforasi haielezi kwa nini mimea ilianguka kwa ghafla namna ile. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha UCL walionyesha kwamba kutoweka kwa mimea kuliendana na kuingia kwa tributilitini, sumu iliyochanganywa katika rangi za kuzuia viumbe kushika kwenye mashua. Sumu hiyo iliua konokono na viroboto wa maji waliokuwa wakila mwani. Uingereza iliipiga marufuku kwa mashua ndogo mwaka 1987, lakini wakati huo maziwa yalikuwa yamekwisha kuhamia upande wa mwani. Shimo la kale halikuwa na hatia katika hayo yote.

Kwa nini kuzuia fosforasi isiingie hakusafishi maji mara moja?

Kwa sababu ziwa limekwisha kuweka akiba. Katika mto Ant, unaolilisha ziwa la Barton, mitambo ya majitaka ilianza kuondoa fosforasi mwishoni mwa miaka ya 1970, na majitaka ya mji wa North Walsham yakaelekezwa baharini. Fosforasi ya mtoni ilishuka vizuri. Ziwa liliendelea kuwa la kijani kwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa kila kiangazi tope la chini liliachia kile lilichokuwa limekimeza. Ziwa la Alderfen lilitengwa kabisa na mfereji wake mchafu mwaka 1979, likaonyesha jambo hilohilo. Loosdrecht ya Uholanzi ilianza kusafisha maji yake ya kuingizwa mwaka 1984, nayo matumaini yake ya awali hayakutimia.

Kikemia, fosforasi hushikwa na chuma katika tope lenye oksijeni. Oksijeni ikiisha chini, chuma hubadilika na kuiachia. Joto la kiangazi huharakisha kazi hiyo, na tope la mboji, ambalo ni chakula tupu kwa bakteria, humaliza oksijeni haraka. Uzoefu wa maziwa mengi ya Ulaya ni kwamba akiba hii huchukua miaka 10 hadi 15 kupungua tangu bomba la juu lizibwe.

Kosa la kuepuka ni kugeuza mpangilio: kutumia fedha ndani ya ziwa wakati mtambo wa juu bado unamwaga. Kazi ya ndani ambayo haijatanguliwa na ya juu ni kudeki sakafu huku bomba linavuja.

Je, tope liondolewe?

Mara nyingine ndiyo. Ziwa dogo la Cockshoot, kando ya mto Bure, lilijengewa bwawa la kulitenga na mto mwaka 1982, kisha tope likanyonywa kwa mashine. Mimea ilirudi upesi. Barton, ambalo ni la pili kwa ukubwa katika Broads, lilinyonywa tope katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, kazi iliyokwenda kwa miaka kadhaa na kuliongezea pia kina kwa ajili ya mashua.

Ugumu hauko katika kunyonya. Uko katika kujua mahali pa kupeleka kinachonyonywa. Tope hilo ni maji kwa sehemu kubwa, na likimwagwa shambani huchukua muda mrefu kukauka. Katika ziwa la Hoveton Great Broad lilijazwa ndani ya mifuko mirefu ya kitambaa kigumu kinachochuja maji, na mifuko hiyo ikatumika kuunda upya kingo za matete zilizomomonyoka. Huo ni utatuzi mzuri, kwa sababu matete yenyewe hula virutubisho.

Tahadhari moja haisemwi vya kutosha. Ziwa la machimbo lina sakafu mbili: tope jipya la juu, na mboji ya zamani au udongo wa mfinyanzi chini yake. Mashine ikivuka tope na kuchokonoa mboji ya zamani, huanza kuozesha kitu kilichokuwa kimetulia maelfu ya miaka, na rangi ya chai huongezeka. Tena mbegu za mimea zilizolala, zile ambazo kila mtu anazisubiri, ziko ndani ya tope hilohilo linalonyonywa.

Samaki wana uhusiano gani na uangavu wa maji?

Uhusiano mkubwa kuliko anavyodhani mtu asiyewahi kuliona. Mwani huliwa na viroboto wa maji, wanyama wadogo wa jamii ya kamba wanaoonekana kwa macho kama nukta zinazorukaruka ndani ya glasi. Viroboto huliwa na samaki wadogo. Samaki wa jamii ya karpu waitwao brimu, wakiwa wakubwa, hufukua tope kutafuta minyoo na kung'oa miche. Mahali ambapo mimea imetoweka, paiki, samaki mwindaji anayevizia kati ya majani, hukosa mavizio na kupungua, kwa hiyo samaki wadogo huzidi, viroboto huisha, na mwani hukosa wa kuula. Duara hilo halijivunji lenyewe.

Cockshoot ndilo lililofundisha somo hili kwa vitendo. Miaka michache baada ya tope kuondolewa, mwani ulirejea ingawa fosforasi ilikuwa imeshuka; samaki walikuwa wamezaana na kuwamaliza viroboto. Samaki walipoanza kuondolewa mwaka 1989, maji yaliangaza tena. Ormesby, ziwa linalotumiwa kama chanzo cha maji ya kunywa, liliondolewa samaki kuanzia mwaka 1995 na mimea ikarudi. Wanaofanya kazi hiyo hutumia nyavu na umeme hafifu wa kuwapumbaza samaki, huwahamishia maji mengine wakiwa hai, kisha huzuia njia ya mto kwa kizuizi cha wavu hadi mimea ishike. Wakiondoa kidogo, hawajafanya kitu: waliobaki hupata chakula kingi, na kizazi cha mwaka unaofuata huwa kikubwa kuliko cha kwanza.

Wavuvi wa ndoano wanalalamika, na malalamiko yao hayastahili kupuuzwa. Brimu wa mto Bure huingia katika maziwa ya pembeni kutaga mayai, na kulifungia ziwa kama Hoveton Great Broad miaka kadhaa ni kuwafungia mlango wa uzazi. Wanasayansi nao wanajibu kwamba ziwa la kijani halina mustakabali wa samaki pia. Naona kwamba kuondoa samaki kunafaa tu pale ambapo fosforasi imekwisha kushuka hadi karibu na lengo. Kabla ya hapo ni kuwatesa samaki na kupoteza fedha, kwa maana mwani utarudi tu.

Kiangazi maji yakipungua, si yaongezwe kutoka mtoni?

Uholanzi walifanya hivyo kwa miongo mingi, wakaingiza katika maeneo ya mboji maji yenye asili ya mto Rhine, na matokeo yake yamewafanya kuwa waangalifu sana. Maji hayo yalikuwa na salfeti na ugumu wa chokaa kupita maji ya mvua yaliyokuwepo. Ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria huitumia salfeti kuozesha mboji, hutoa salfaidi, na salfaidi hukikamata chuma kilichokuwa kimeishika fosforasi. Fosforasi ikabaki huru. Kwa hiyo hata maji yaliyosafishwa fosforasi kabisa yanaweza kulifanya ziwa liwe na fosforasi nyingi zaidi, kwa kuitoa katika akiba ya ndani. Siku hizi mameneja wengi wa huko huruhusu kiwango cha maji kipande na kushuka kidogo kwa majira badala ya kukishikilia palepale mwaka mzima.

Ziwa la Botshol, kusini ya Amsterdam, lilipunguziwa fosforasi mwaka 1989, likaangaza. Kisha likaanza kuyumba: baada ya misimu ya baridi yenye mvua nyingi, fosforasi ilisukumwa kutoka mashamba ya mboji ya jirani na maji yakavurugika, baada ya misimu mikavu yakatakata.

Ni lini maji ya machimbo huwa na tindikali kali?

Mboji yenyewe hutoa asidi hafifu, na ziwa lenye pH ya 4 au 5 katika machimbo ya vinamasi vinavyolishwa na maji ya mvua tu si ajabu. Katika machimbo ya Ireland kama Lough Boora, mahali ambapo mboji imekwanguliwa hadi kwenye udongo wa chokaa, maji huwa kinyume chake, yaani yana chokaa na samaki wanaishi vizuri.

Hatari halisi iko kwenye pairiti, madini ya chuma na salfa yaliyolala chini ya mboji, mara nyingi katika maeneo ambayo zamani yalikuwa bahari. Yakiwa majini hayana neno. Mifereji ikiyakausha na hewa ikayafikia, hutoa asidi ya salfa. Huko Selkie, mashariki ya Ufini, maji kutoka eneo la uchimbaji la Linnunsuo yaliua samaki katika mto Jukajoki mwaka 2010, kisha tatizo likarudi mwaka 2011. Wavuvi wa kijiji ndio walioliona kwanza. Uchimbaji ukasimama, mabwawa ya ardhioevu yakajengwa juu ya machimbo ili pairiti irudi chini ya maji, na mwaka 2017 shirika la Snowchange likalinunua eneo hilo. Kiongozi wake, Tero Mustonen, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2023.

Upande wa Hickling dalili ya jambo hilohilo ni kutu. Mifereji ya mashamba ya jirani huleta maji ya rangi ya chungwa yenye chuma, yanayoacha utando juu ya mimea kama vumbi la barabara ya murramu juu ya migomba.

Chumvi ya bahari inaathiri nini?

Maziwa ya mto Thurne, Hickling likiwemo, yako karibu na bahari, na pampu za kukausha mashamba huvuta maji ya chumvi kupitia ardhini. Maji yenye chumvi kidogo na virutubisho vingi hupendwa na Prymnesium parvum, mwani mdogo sana unaotoa sumu ya kuharibu matamvua ya samaki. Mwaka 1969 uliua samaki kwa wingi Hickling, na vifo vimejirudia baadaye, kikiwemo kisa cha mwaka 2015. Kuzamisha tena mboji hakutibu tatizo hili; dawa yake iko mashambani, katika kupunguza uvutaji wa pampu.

Je, maji haya yanafaa kunywa au kuoga?

Kunywa, ni baada ya kusafishwa mtamboni tu. Kuogelea, inategemea siku. Ukiona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, umekusanyika upande unaopeperushiwa na upepo, usiingie na usimwache mbwa wala ng'ombe anywe, maana mwani wa kijani-buluu unaweza kuwa na sumu ya ini au ya neva. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Si afadhali kurudisha kinamasi badala ya ziwa?

Kwa hewa ukaa, mara nyingi ndiyo: mboji huhifadhika vizuri zaidi maji yakiwa sawa na uso wa ardhi, na maji ya kina kifupi yenye mimea inayooza hutoa methani nyingi katika miaka ya mwanzo. Lakini shimo la mita mbili haligeuki kinamasi kwa sababu mtu ameamua hivyo. Mahali pa aina hiyo ziwa ndilo litakalokuwepo, na kazi ni kulipa kingo pana za matete.

Je, haya yanahusu Rwanda na Burundi?

Yanahusu. Burundi imekuwa na shirika la umma la kuchimba mboji, ONATOUR, tangu miaka ya 1970, na Rwanda ina mitambo ya umeme wa mboji huko Gishoma, wilaya ya Rusizi, na katika bonde la Akanyaru, mto ambao kwa sehemu ndefu ni mpaka wa nchi hizo mbili. Uchimbaji wa mabondeni ukikoma, maji yatajaa kama yalivyojaa Norfolk, tofauti ikiwa kwamba joto la huku halina majira ya baridi ya kulipumzisha tope, na kingo zitashikwa na mafunjo, ambayo hukua haraka na huchuja virutubisho vingi kuliko matete ya Ulaya. Gugumaji linaweza kuyatangulia mafunjo hayo.

Rwanda ina kumbukumbu yake yenyewe ya thamani ya bonde la mboji. Kinamasi cha Rugezi kilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, ziwa Bulera lilipungua na mtambo wa umeme wa Ntaruka ukakosa maji ya kutosha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Serikali ikazuia kilimo humo na kinamasi kikaanza kurudi. Mameneja wa machimbo ya leo wangefanya vyema kuacha tabaka la mboji sakafuni badala ya kukwangua hadi udongo, kupima pairiti kabla ya mfereji wa kwanza kuchimbwa, na kuuliza mapema majitaka ya mji wa juu yataingia wapi.

Kijiji kisicho na maabara kianze na nini?

Kifuniko cha ndoo ya plastiki cheupe, kilichokatwa kwa kipenyo cha sentimita 20 na kupakwa rangi nyeusi robo mbili, kikifungiwa jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10, ni sahani ya Secchi ya kweli. Pima mahali palepale, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mashua wenye kivuli, mara mbili kwa mwezi. Andika tarehe, saa, upepo, mvua ya siku mbili zilizotangulia, na kina ambacho sahani imepotea. Ikiwa siku moja sahani itatua kwenye tope huku robo zake bado zinaonekana, usiandike kina hicho kana kwamba imepotea hapo. Andika "imefika chini", na utaje mimea uliyoiona kando yake.